Fonti ya mwandiko wa mkono inapogoma: dalili, chanzo na namna ya kurekebisha

Kwenye picha ya tangazo la fonti kila kitu kimetulia. Jina limeandikwa kwa mkono laini, herufi zimeshikana, mkia wa herufi ya mwisho umezunguka hadi chini ya neno. Unaipakua, unaandika jina lako, na unachopata ni herufi zilizoachana, mkia haupo, na herufi ya kwanza imekatwa kichwa. Wengi wanaishia kusema fonti ni mbovu. Mara nyingi siyo fonti.

Kabla ya kugusa menyu yoyote, elewa jambo moja. Kwenye karatasi, mwandiko wa kuunga ni mstari wa wino ambao kalamu haikunyanyuliwa. Kwenye kompyuta mstari huo haupo. Kuna vipande, kila herufi na chake, na msanifu wa fonti amevipima ili mwisho wa kimoja uangukie juu ya mwanzo wa kinachofuata, kama pete za mkufu. Chochote kinachovisogeza hata kidogo, au kinachoizuia kompyuta kuchagua kipande kinachofaa, kinaumbua kazi nzima. Kwa hiyo kwa dalili nyingi zilizo hapa chini swali la kwanza ni lile lile: nani kasogeza vipande?

## Herufi zimeachana katikati ya neno

Anza na nafasi kati ya herufi. Kuna mazoea ya kutanua maandishi ili yaonekane ya kifahari, na kwa herufi kubwa za kawaida, zile zinazosimama peke yake, mazoea hayo yana faida. Kwa mwandiko wa kuunga ni sumu. Kwenye Word fungua dirisha la Font, kichupo cha Advanced, uhakikishe Spacing ni Normal. Kwenye Illustrator, InDesign na Photoshop, thamani ya Tracking iwe 0. Chagua neno zima unapokagua, maana neno likinakiliwa kutoka kazi nyingine huja na mpangilio wake wa zamani, na mara nyingine ni herufi mbili tatu tu ndizo zilizobeba mpangilio huo.

Kwenye tovuti, mkosaji ni letter-spacing, amri ya CSS (lugha ya kupangilia mwonekano wa kurasa za wavuti), na hurithiwa. Aliyeandika letter-spacing: 0.02em kwa ajili ya ukurasa mzima hakukosea, ila kichwa chako cha mwandiko kimeirithi bila kuulizwa. Kiandikie chenyewe letter-spacing: 0. Kuna hasara ya pili isiyoonekana haraka: kwa kanuni za CSS, nafasi ikishabadilishwa kivinjari hutakiwa kuacha yale maumbo ya hiari yanayounganisha herufi mbili kuwa moja. Unapata mianya na kupoteza maumbo kwa mpigo.

Nafasi ikiwa sifuri na mwanya bado upo, tazama jinsi programu inavyopima jozi za herufi. Programu za Adobe zina chaguo liitwalo Optical, ambalo huacha vipimo vya msanifu na kukadiria nafasi kwa kutazama maumbo ya herufi. Linaokoa fonti za kawaida zilizopimwa ovyo. Kwa mwandiko linaona mikia miwili imepandana, linadhani ni ajali, linaisukuma mbali. Rudisha kwenye Metrics au Auto, na mara nyingi neno linajifunga mbele ya macho yako. Kwenye Word, ndani ya kichupo kile kile cha Advanced, weka tiki kwenye Kerning for fonts; bila tiki hiyo Word inaweza kupuuza vipimo vya jozi vilivyomo ndani ya fonti.

Kisha kuna visababishi vidogo ambavyo ni rahisi kuvisahau. Maandishi yaliyonyooshwa pande zote mbili yanaweza kutanuliwa herufi kwa herufi ili yajaze mstari, kulingana na mipangilio ya programu. Herufi moja iliyopewa rangi tofauti na wenzake inaweza kukata neno vipande viwili machoni pa kompyuta, na kila kipande kikachorwa kana kwamba hakijui jirani yake. Kwenye wavuti, ile mbwembwe ya kuleta herufi moja moja kwa kuifungia kila herufi ndani ya span yenye inline-block inavunja viungo vyote kwa uhakika. Kama unataka neno lijiandike, funua neno zima taratibu kutoka kushoto kwa kifuniko (mask), au lichore kama mchoro wa SVG.

Na usisahau kurudi kwenye picha ya tangazo: si kila mwandiko wa mkono ni wa kuunga. Fonti nyingine zimekusudiwa kusimama herufi moja moja. Zile za kuunga zenyewe zina historia ya tabu. Enzi ambazo herufi za kuchapia zilisubuliwa kwa madini ya risasi, kila herufi ilikaa juu ya kitalu chake cha madini hayo, na sehemu iliyochomoza nje ya kitalu ilivunjika kirahisi, kwa hiyo kuunga lilikuwa jambo la ustadi mkubwa. Mistral ya Roger Excoffon, iliyotoka mwaka 1953, husifiwa hadi leo kwa sababu viungo vyake vilikutana hata kwenye herufi za risasi.

## Zinagusana, lakini kiungo kimepinda vibaya

Kuza neno hadi asilimia 400 na utazame herufi mbili: wa. Herufi nyingi za mwandiko hutoka chini, kwenye mstari: a, i, n, u, m. Chache hutokea juu: b, o, v, w, na kwenye fonti nyingi r pia. Sasa w imemalizia juu, karibu na kichwa chake, na a inayofuata imetengenezwa ipokee mstari unaotoka chini. Kukiwa na umbo moja tu la a, utaona mkia wa w ukining'inia hewani, na kijimstari cha kuingilia cha a kikichomoza peke yake chini yake. Kwa macho ya mbali unahisi tu kwamba neno halijakaa sawa.

Fonti iliyotengenezwa vizuri ina a mbili au zaidi, na ndani yake kuna amri isemayo: ikitanguliwa na b, o, v au w, tumia ile ya pili. Amri hiyo iko kwenye kundi la OpenType (muundo wa faili za fonti unaobeba maumbo ya ziada na amri zake) linalofupishwa calt, na programu nyingi huliita Contextual Alternates. Kwetu jambo hili lina uzito kuliko kwa wengi, kwa sababu Kiswahili kimejaa viungo hivyo: kwa, wote, vitabu, vyombo, bora, mwaliko, wawili. Sampuli ya fonti iliyoandikwa kwa lugha nyingine inaweza kupita salama bila kugusa hata kimoja kati yake.

Hakikisha calt inafanya kazi. Kwenye Illustrator iko kwenye paneli ya OpenType. Inkscape ina kichupo cha Features ndani ya dirisha la maandishi, na LibreOffice ina kitufe cha Features kwenye dirisha la herufi. Word ina tiki ya Use Contextual Alternates chini ya Advanced, pamoja na orodha ya Ligatures ambayo mara nyingi huja ikiwa imezimwa. Uwezo huo uliingia na Word 2010, na ukifungua waraka wa muundo wa zamani, yaani ule unaoandikwa Compatibility Mode juu ya dirisha, machaguo hayo hayatumiki mpaka uubadilishe. Vivinjari huwasha calt vyenyewe, isipokuwa mtu aliyeandika CSS ameizima. PowerPoint haina menyu ya mambo haya; tengeneza jina kwenye Inkscape, lihifadhi kama SVG, liingize kama picha.

Kama kila kitu kimewashwa na kiungo bado kimepinda, hapo ndipo fonti inastahili lawama. Ina umbo moja kwa kila herufi, basi. Kwa nembo ya neno moja unaweza kubadilisha maandishi kuwa mchoro na kusogeza nukta kwa mkono. Kwa vyeti mia mbili vyenye majina tofauti usijaribu; tafuta fonti nyingine.

Ndugu wa tatizo hili ni herufi zinazojirudia. Andika saa, kuu, maarufu. Kwenye mwandiko wa kweli hakuna a mbili zinazofanana kabisa, na jicho linagundua mara moja kwamba pacha hao wametoka mashineni. Wasanifu huweka maumbo ya pamoja kwa jozi wanazokutana nazo kwao, kama tt, ll, ss, ff, pengine oo na ee. Kwa aa, uu na ii uwezekano mkubwa ni kwamba umeachwa peke yako. Dawa ni kuchagua moja ya herufi hizo na kuipa umbo lake mbadala kama lipo, kwa kawaida ile ya pili.

Kabla ya kulipia fonti yoyote, andika kwenye kisanduku cha majaribio cha muuzaji mstari wa namna hii: Saa kuu yang'ara, wawili wabaki na vyombo bora 0123456789. Hauna maana sana, lakini una karibu kila mtego uliotajwa hapa.

## Herufi imekatwa kichwa, au mistari imerukana

Mikia ya fonti hizi huvuka mipaka ambayo kompyuta inaitarajia. Kila fonti huitangazia programu urefu wake wa juu na wa chini. Kwenye Windows zipo namba mbili mahususi kwa kazi hiyo, na programu nyingine hukata chochote kinachozipita. Kwenye Word chanzo cha kawaida ni nafasi ya mistari iliyowekwa Exactly. Irudishe kwenye Single au Multiple. Kama herufi inarudi ukichapisha au ukitoa PDF lakini kwenye skrini imekatwa, ni uchoraji wa skrini tu, endelea na kazi.

Mkia wa pembeni nao hukatwa, hasa kushoto mwa herufi ya kwanza. Ongeza nafasi ya ndani ya kisanduku cha maandishi. Kama programu bado inakata, weka nafasi tupu kabla na baada ya neno. Kwenye wavuti tafuta overflow: hidden kwenye kisanduku chochote kinachozunguka kichwa, na jihadhari na maandishi yenye rangi ya mseto yanayotumia background-clip: text: rangi huishia kwenye ukingo wa kisanduku, kwa hiyo mkia uliotoka nje unatoweka kabisa. Hapo padding ndiyo dawa.

Kinyume chake, fonti inayotangaza urefu mkubwa mno hurusha mistari mbali. Zapfino ya Hermann Zapf, iliyotolewa na Linotype mwaka 1998 na kuzoeleka kwa watumiaji wa Mac, ni mfano mzuri: mikia yake inapanda na kushuka kiasi kwamba mistari miwili ya ukubwa wa kawaida huachana kama si ya waraka mmoja. Pangilia nafasi ya mistari kwa mkono, kisha kagua kama mkia wa g wa juu haujamgonga k wa chini.

## Mikia niliyoiona kwenye tangazo haipo

Ipo, ila haijaitwa. Mikia na madoido mengi hukaa kwenye makundi ya hiari: swsh, na yale ya mtindo yanayoanzia ss01 hadi ss20. Programu zinazoelewa OpenType zinayafungua. Kwenye Word yale ya mtindo yako chini ya Stylistic sets. Faili za fonti huja kwa aina mbili za kawaida, OTF na TTF, na kuna imani kwamba la OTF pekee ndilo lenye mikia na la TTF halina. Si kweli, TTF inaweza kuyabeba makundi hayo hayo. Inategemea alichoweka msanifu.

Programu rahisi, pamoja na nyingi za kwenye simu, hazina milango hiyo. Kwa ajili yake wauzaji huyaweka maumbo ya ziada pia kwenye eneo la matumizi binafsi la Unicode, ile orodha ya kimataifa inayoipa kila herufi namba yake, kati ya U+E000 na U+F8FF. Unafungua Character Map ya Windows au Font Book ya Mac, unanakili umbo, unalibandika. Inafanya kazi, lakini jua umebandika nini: si herufi a, ni namba isiyo na maana nje ya fonti hiyo. Ukibadilisha fonti inageuka kisanduku. Ukitafuta neno ndani ya waraka, hulipati. Tumia njia hii kwa kitu kitakachoishia kuwa picha au karatasi.

Hapa lugha yetu ina upendeleo. Maneno ya Kiswahili karibu yote huishia na irabu, kwa hiyo mkia wa mwisho utakaoutumia ni wa a, e, i, o au u. Fonti inayojivunia mikia ya kupendeza kwenye d, h, l na y itakufaa katikati ya neno tu, au kwa majina kama Abdul na Rashid. Fungua orodha ya maumbo, tazama irabu tano kwanza. Na mkia ukishaupata, weka mmoja kwa neno, usizidi miwili kwa mstari. Fonti inapokupa madoido thelathini haikuagizi uyatumie yote.

## Viungo vimekolea, au kisu kimekata katikati ya neno

Punguza ukolevu wa rangi hadi nusu na utaona kila kiungo kimeweka doa jeusi zaidi. Weka mstari wa nje kuzunguka herufi na utaona mistari ikikatiza ndani ya neno. Hapa hakuna kilichosogea; vipande vimepandana kama vilivyokusudiwa, ila sasa unaviona.

Kwenye Illustrator badilisha maandishi kuwa mchoro kwa Create Outlines, kisha unganisha kwa Unite ya Pathfinder. Kwenye Inkscape ni Object to Path, halafu Union. Hakikisha tahajia kabla, maana baada ya hapo neno si maandishi tena. Kwenye wavuti, badala ya rangi yenye uwazi tumia opacity ya kisanduku kizima.

Kwa wanaokata stika za vinili hili si suala la urembo. Mashine hufuata mzunguko wa kila herufi, kwa hiyo kisu kitapita ndani ya kila kiungo na neno litabanduka vipande vipande. Programu za mashine hizo zina amri ya kuunganisha, Weld au Unite. Itumie kila mara, hata kama kwenye skrini neno linaonekana kitu kimoja. Wachongaji wa leza wanakutana na sura nyingine ya tatizo: pale vipande vinapopandana, programu inaweza kuhesabu eneo hilo kama tundu, na kiungo kinabaki bila kuchongwa. Dawa ni ile ile.

## Mistari myembamba imepotea kwenye chapa

Hapa inabidi kujua fonti yako inaiga kalamu gani. Ile ya nibu nyembamba inayotanuka, mtindo wa Waingereza wa karne ya 17 na ya 18, hunenepa mkono unaposhuka na kubaki unywele unapopanda. Snell Roundhand ya Matthew Carter, Edwardian Script ya Ed Benguiat na Bickham Script ya Richard Lipton ziko kwenye ukoo huo. Ya brashi, kama Brush Script ya mwaka 1942 au Pacifico, ina mwili mnene kote. Na kuna ya unene mmoja, kama Sacramento, inayofanana na kalamu ya kawaida.

Unywele ndio unaopotea. Ukichapa ndogo, wino haushiki. Ukichapa nyeupe juu ya rangi nzito, wino wa pembeni hufurika na kuufunika. Karatasi yenye mikwaruzo, kitambaa, darizi na karatasi ya dhahabu vyote havina huruma na mstari wa robo pointi. Kwenye darizi mstari ulio chini ya milimita moja hivi ni wa kuutilia shaka tangu mwanzo. Kumbuka pia kwamba herufi ndogo za fonti hizi ni fupi sana ukilinganisha na herufi kubwa zake: pointi 12 za Edwardian Script zinaonekana kama fonti ya kawaida ya pointi 7 au 8. Panda hadi pointi 24 na kuendelea kisha uone. Kazi ikidai udogo, hamia kwenye ukoo wa brashi au wa unene mmoja badala ya kupigana na fizikia ya wino.

Usibonyeze B. Nyingi ya fonti hizi zina uzito mmoja tu, na ukibonyeza B programu inabuni unene wake kwa kupaka herufi pande zote. Unywele unanenepa sawa na shina, matundu ya a na e yanajaa, na tofauti ya mnene na mwembamba, ambayo ndiyo uzuri wenyewe, inakufa. I ni balaa zaidi: mwandiko ambao tayari umelala unalazwa tena. Kwenye tovuti vichwa vya h1 hadi h6 huja vikiwa vinene bila kuombwa, kwa hiyo weka font-weight: normal na font-synthesis: none.

## Watu wanalisoma jina vibaya

Mpe mtu asiyelijua jina hilo alisome kwa sauti. Akisita, una tatizo, na ni zito kuliko yote yaliyotangulia, kwa kuwa mpangilio wote unaweza kuwa sahihi na jina bado likasomeka lingine.

Kosa la kwanza ni herufi kubwa tupu. Herufi kubwa za mwandiko zimetengenezwa zifungue neno, kila moja na madoido yake ya kushoto na kulia. Ukizipanga sita mfululizo, madoido yanagongana na hakuna anayesoma chochote. Kwenye CSS tafuta text-transform: uppercase iliyorithiwa. Kwenye orodha ya majina iliyoletwa kwa herufi kubwa, yabadilishe yote kabla ya kuyamimina kwenye cheti.

La pili ni herufi moja kubwa inayofanana na nyingine. I, J na T hukaribiana. L hugeuka S. F hugeuka T. Q ya mtindo wa zamani inafanana kabisa na namba 2. Fonti nzuri huwa na umbo la pili lililo wazi zaidi, litafute kwenye makundi ya mtindo. Kama halipo, andika herufi ya kwanza na umwombe mtu akutajie ni ipi kabla hujaendelea na kazi.

La tatu linatugusa sisi hasa. Kwenye mwandiko uliolala, m, n, u na i ni vijiti vile vile vinavyojirudia; kinachovitofautisha ni kama vimeunganishwa juu au chini, na kwenye fonti yenye unywele mwembamba kiungo hicho karibu hakionekani. Sasa andika muumini. Ni vijiti 14 mfululizo na nukta mbili juu. Umuhimu, mnunuzi, mumunye, hali ni hiyo hiyo. Kwa maneno ya aina hii chagua fonti yenye mianya mipana na n yenye mgongo wa mviringo. Dancing Script inaonyesha tofauti hiyo vizuri kuliko zile za nibu. Au andika neno hilo kwa fonti ya kawaida iliyonyooka na uuachie mwandiko neno jingine.

Hilo linanileta kwenye matumizi. Mwandiko unafaa kwa neno moja hadi mstari mmoja: jina kwenye cheti, kichwa cha mwaliko, nembo, lebo ya chupa, sahihi chini ya barua. Anwani, namba ya simu, tarehe na maelekezo vipe fonti iliyonyooka. Aya nzima ya mwandiko haisomwi, hutazamwa tu. Na miandiko miwili tofauti kwenye karatasi moja hugombana, hata kama kila mmoja ni mzuri ukiwa peke yake.

## Visanduku, namba zisizokuwepo, na ng'

Kisanduku kitupu maana yake fonti haina herufi hiyo. Fonti za majaribio mara nyingi hutolewa bila namba, bila alama za uandishi, au bila baadhi ya herufi kubwa, ili ulipie kamili. Programu nyingine hazionyeshi kisanduku bali hukopa herufi kutoka fonti nyingine kimyakimya. Ukiona namba zimesimama wima katikati ya mwandiko uliolala, ndicho kilichotokea.

Kiswahili hakihitaji herufi zenye alama juu, na hiyo ni nafuu kubwa. Kitu kimoja tu kinasumbua: ritifaa, ile alama ndogo ya juu kwenye ng'. Kuna alama iliyonyooka ya U+0027 na iliyopinda ya U+2019, na baadhi ya kibodi huweka U+02BC, ambayo fonti nyingi hizi hazina. Tumia iliyopinda. Kisha tazama kiungo: kwenye ng'ara mkia wa g unapanda kuelekea herufi inayofuata, unakutana na alama, na a inaanza upya upande wa pili kukiwa na pengo. Kwa matini ya kawaida liache. Kwa kichwa kikubwa au nembo, punguza nafasi pande zote mbili za alama kwa mkono mpaka mkia wa g uifikie a chini yake, na alama yenyewe ipande juu kidogo. Hapo ndipo pekee ninaposhauri kuchezea nafasi ya herufi za mwandiko.

## Kwenye kompyuta nyingine imegeuka fonti tofauti

Waraka haukubeba fonti. Kwenye Word ingia File, Options, Save, uweke tiki Embed fonts in the file. Kwenye LibreOffice ni Properties, kichupo cha Font. Msanifu anaweza kuwa amezuia ubebaji huo ndani ya fonti yenyewe, na tiki haitasaidia. Kwa mpiga chapa peleka PDF, au mchoro uliokwisha kubadilishwa kutoka maandishi.

Kama fonti haionekani kwenye orodha ya kompyuta yako mwenyewe, angalia kama umeifungua kutoka ndani ya faili la zip bila kuitoa. Funga programu uifungue tena. Kwenye Windows ya karibuni, fonti iliyosakinishwa kwa mtumiaji mmoja haionwi na baadhi ya programu. Isakinishe upya kwa Install for all users. Na usiweke OTF na TTF za fonti moja kwa pamoja, zinagombania jina.

Leseni isome kabla ya kuuza chochote. Fonti iliyoandikwa kuwa ni ya matumizi binafsi haikuruhusu kuiweka kwenye bidhaa. Zile za SIL Open Font License, kama Great Vibes na Allura, unaweza kuzitumia kibiashara. Usichoruhusiwa ni kuuza fonti yenyewe peke yake.

## Kwenye wasifu wa simu, wengine wanaona visanduku

Ule mwandiko unaonakiliwa kutoka kwenye kurasa za kubadilisha jina si fonti kabisa. Ni alama za hisabati zilizoingizwa kwenye Unicode mwaka 2001, zinazokaa kati ya U+1D400 na U+1D7FF, zilizokusudiwa milinganyo. Simu ya zamani isiyozijua inaonyesha visanduku. Anayetafuta jina lako huenda asilipate, kwa sababu kwa kompyuta 𝓐 na A ni vitu viwili. Asiyeona anayetumia programu ya kusoma skrini anaweza kusomewa maelezo ya kila alama, moja baada ya nyingine, au asisomewe chochote. Hakuna mpangilio wa kurekebisha hilo: andika jina kwa herufi za kawaida, na mwandiko uweke kwenye picha ya wasifu.